Mafuta mazito huelea au huzama?

Umeuliza kama mafuta ghafi yakimwagika lazima yaelee, ukataja na dawa za kuyatawanya yawe matone madogo. Mwanzoni huelea, ndugu, ila haya mazito usiyaamini. Sehemu yake nyepesi hupaa hewani siku za mwanzo, kinachobaki kinakuwa kama lami. Kikishika mchanga au tope, kinaweza kuwa kizito kuliko maji na kushuka chini.

Ndivyo ilivyokuwa mto Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, Julai 2010. Bomba lilipasuka likamwaga lami ya Kanada iliyozimuliwa kwa kimiminika chepesi ili ipite bombani. Kimiminika kikapaa (harufu yake iliwaumiza watu vichwa), lami nyingi ikazama. Maboya ya kuzuia mafuta hayakamati kilicho chini, kwa hiyo wafanyakazi walichokoa tope kwa fito ndefu, wakitazama kama matone meusi na utando wa rangirangi vitaibuka, wajue pa kusafisha. Mwaka 2013 serikali ikaamuru tope lichotwe tena!

Hizo dawa za kutawanya mafuta ulizozitaja, kwa mazito namna hii hazifui dafu.