Usiweke kila ukurasa wa wavuti kwenye deskitopu, mimi yalishanikuta

Nina steshenari yangu ndogo hapa Kirumba, Mwanza, sio mbali na mwaloni, lile soko la samaki na dagaa, wateja wangu wengi ni watu wa dagaa, wanakuja kuprinti na kutoa kopi, na kila anayeingia kabla hata hajakaa swali ni lile lile, "leo mvua ipo?" maana dagaa wakishaanikwa halafu wakanyeshewa hapo umeumia. Ndo nikawaza, si niweke ramani ya upepo na mvua pale pale kwenye deskitopu, mtu ajionee mwenyewe mi niendelee na kazi.

Wakongwe wa intaneti kafe mnaikumbuka Active Desktop, ilikuja na Internet Explorer 4 mwaka 1997, unabandika ukurasa wa wavuti nyuma ya aikoni, ikizingua unakutana na skrini nyeupe imeandikwa Active Desktop Recovery. Vista ilivyokuja wakaitoa. Siku hizi unatafuta programu ya pembeni, mi natumia Lively Wallpaper, ni ya bure, inakubali Windows 10 na 11, unabonyeza alama ya kujumlisha unabandika anwani ya ukurasa, imeisha. Wenye Mac kuna Plash, nayo bure.

Sasa ujinga wangu. Wa kwanza niliweka video ya moja kwa moja ya YouTube, kamera ya ufukweni huko nchi za watu, inapendeza kweli, bando la GB 2 nimenunua asubuhi saa nane mchana limekata na sijatuma hata imeili moja ya mteja. Wa pili ndo wa aibu, nikaweka imeili yangu niwe naziona zikiingia, akaja mayu (mama) mmoja kuprinti, nimeminimaizi kila kitu nitafute faili lake, akasoma vizuri kabisa shemeji yangu ananidai. Hakusema kitu ila alinilipa kwa kunihurumia yaani.

Kwa hiyo mi nasema hivi, weka ukurasa wa kuangalia tu, ule ambao hata ukikosa mausi bado una faida. Ukiona unataka kubonyeza au kuskroli huo uache kwenye braoza. Na chochote chenye jina lako au pesa zako kisikae pale kabisa.

Nilichobaki nacho ni ramani ya Windy, tovuti ya hali ya hewa, wanatoa kipande cha msimbo (code) bure cha kupachika. Nikakiweka kwenye kifaili cha HTML cha mistari michache na amri ya kujipakia upya kila sekunde 1800, yaani nusu saa, kile kifaili ndo nikakiburuta kwenye Lively. Hata nusu saa ni mbwembwe, utabiri wenyewe unatoka mpya mara chache tu kwa siku, sasa ukijipakia kila dakika unapata nini zaidi ya kuchoma bando?

Laptopu yangu RAM ni GB 4 na ukurasa wa hivi ni sawa na kuacha braoza wazi kutwa, feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Ingia setingi za Lively uiambie isimame ukiwa na programu nyingine skrini nzima na ukiwa unatumia betri, umeme wetu mnaujua.

Halafu msije mkaniletea kesi, ramani sio Mungu. Mvua nyingi za ziwa hili zinapikwa usiku huko majini, jioni ramani nyeupe pee alfajiri unaamshwa na radi. Anayeingia ziwani asikilize taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, huku kwangu ni kwa ajili ya kuanika.

Kimebaki kitu kimoja tu, aikoni zilikuwa zinaziba ramani, nikazisogeza zote kushoto upande wa Bukoba, kule sina mteja.