Usione haya kuwauliza wanaoanza wenzako

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza anayeanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, anafaidika nini akijifunza na wenzake, ilhali wote hawajui. Anafaidika sana. Aliyejifunza juzi bado anakumbuka alipokwama. Fundi wa miaka kumi amekwisha sahau.

Tazama hili. Unaandika programu ya kujumlisha nauli za boda: unaingiza 2000, kisha 3000, inakujibu 20003000. Mimi nilikesha na kosa hilo hilo. Kumbe input(), amri inayopokea unachoandika, hurudisha maandishi, si namba, na ukiyajumlisha huunganishwa tu. Funga kila input() ndani ya int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, utapata 5000. Mwenzangu alinionyesha kwa dakika moja, tumesimama Wandegeya, Kampala, simu mkononi.

Ila uliza vizuri, tafadhali. “Haifanyi kazi” haitoshi. Bandika msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu yako, ujumbe wote wa kosa, hasa mstari wa mwisho, na useme ulitarajia nini. Taja na toleo la Python unalotumia: masomo mengi ya zamani ni ya Python 2, iliyoachwa mwaka 2020, na print yake (amri ya kuonyesha jibu) isiyo na mabano itakugomea kwenye Python 3.

Ukikwama tena leo usiku, utume huo msimbo tuutazame pamoja.