Flaneli ya Mtoto Ifuliwe Kabla ya Mkasi

Juzi msomaji wa Wete ameniandikia: "Dada, nimenunua flaneli wari nne, wifi yangu anajifungua mwezi huu. Nianzie wapi?" Sikulala vizuri, maana mimi nilianza papo hapo na nikaharibu.

Ndio kwanza nilikuwa nimefungua kijiduka changu Mlandege. Mama mmoja akaniagiza vikanzu sita na mablanketi mawili kwa ajili ya mjukuu wake. Nilishona usiku na mchana, akapokea kwa vigelegele. Arobaini haijafika, akarudi na furushi. Vilifuliwa mara moja tu kwa maji moto: mikono imepanda, mablanketi yamekwenda upande. Akaniambia mbele za watu kuwa nimemwibia kitambaa. Nilimrudishia pesa zote. Neno lile linaniuma hadi leo, kwa sababu sikuiba hata kipande. Nilikuwa sijui kwamba flaneli hurudi, yaani hupungua ikifuliwa.

Basi jueni nyinyi. Flaneli ya asili, ile ya Wales, ilifumwa kwa sufu, na neno letu fulana limetoka huko. Hii ninayoshonea watoto ni ya pamba, uso wake umesuguliwa kwa brashi mpaka vinyweleo vikasimama. Vinyweleo hivyo hushika hewa, na hewa ndiyo inayotunza joto. Alfajiri ya kipupwe, kusi inapovuma, hakuna kinachomfaa mtoto zaidi. Mchana wa kaskazi msimfungie humo, kanga kuukuu inatosha.

Na vinyweleo hivyo hivyo hushika moto haraka. Tunapenda kufukiza nguo za mtoto kwa udi, nami napenda, lakini flaneli wekeni mbali na chetezo, na msiiache peke yake. Hili silisemi kwa mzaha. Akina mama, tusione haya kuwaambia hata bibi zetu.

Ukinunua, tazama kama ni pamba tupu. Pitisha kiganja: ukielekea upande mmoja vinyweleo hulala laini, ukielekea mwingine hukwaruza kidogo. Vipande vyote vikate vikielekea upande mmoja, la sivyo rangi itaonekana tofauti.

Lakini kwanza fua. Mdogo wangu wa Wete, mkasi uweke kabatini. Jaza beseni maji ya moto, rowesha wari zako zote nne, anika, kisha pima upya ndipo ukate.