Saratani ya ini iliyosambaa tumboni: upasuaji unasaidia?

Mkuu, mara nyingi hapana. Saratani iliyoanzia kwenye ini ikishatoka nje na kuota vinundu kwenye utando wa tumbo, tiba ya kawaida ni dawa zinazozunguka mwili mzima: sorafenib, au atezolizumab pamoja na bevacizumab zikipatikana (bei yake sasa, Mungu atusaidie). Vinundu vinavyoonekana kwenye CT scan huwa si vyote, vingine ni vidogo kama punje za mtama, na ini lenyewe mara nyingi limeshachakazwa na homa ya ini B, halihimili operesheni kubwa.

Wapo wanaopasuliwa, hasa ambao uvimbe uliwahi kupasuka ukamwaga mbegu za saratani tumboni: vinundu viwe vichache na vitoke vyote, uvimbe wa kwenye ini uwe umedhibitiwa, na tumbo lisiwe limejaa maji. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji, hao ni wa kuhesabika.

Ila someni majibu ya biopsi (kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe) kwanza. Kama ilianzia utumbo mpana ikahamia kwenye ini, hiyo ni hesabu nyingine. Hapo kukata kipande cha ini ni jambo linalofanyika sana.