Tunazima taa, tunachomoa chaja, mbona mita haipungui kasi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nyumbani tumeamua kupunguza umeme kwa ajili ya mazingira. Kila asubuhi nachomoa chaja za simu, watoto wamezoea kuzima taa, na balbu zote ni za LED. Miezi inapita na matumizi ni yaleyale. Tuna friji, pasi, birika la umeme na heta ya maji ya kuoga. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nia yenu ni njema, ila mmeanzia kwenye vifaa visivyokula sana. Ndani ya nyumba, mlaji mkubwa wa umeme ni joto.

Uniti moja ya mita ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa 1. Balbu ya LED ya wati 10 huwaka saa 100 ndipo imalize uniti hiyo. Chaja iliyoachwa ukutani bila simu, tuseme inavuta wati 0.1, haifikishi uniti moja mwaka mzima.

Sasa tazama maji. Kupandisha lita 1 kwa nyuzi 1 ya joto kunataka kilojuli 4.2, na uniti moja ni kilojuli 3,600. Bomba la mvua likitoa lita 10 kwa dakika, dakika 6 ni lita 60. Kuyatoa maji hayo nyuzi 20 hadi 40 kunakula karibu uniti 1.4. Mtu mmoja, kuoga mara moja, kumeshapita chaja ya mwaka! Na msidanganywe na tangazo la heta ya koili "inayobana umeme": lita zilezile kwa joto lilelile zitadai nishati ileile. Kinachosaidia ni kupunguza maji, kupunguza joto lake, au kulipata joto kwingine. Jua ndilo la kwanza. Pampu ya joto nayo hulihamisha joto kutoka hewani badala ya kulizalisha, hivyo kwa uniti 1 ya umeme inaweza kuwapa 2 hadi 3 za joto. Kama heta yenu ni ya tangi, lifunikeni vizuri lisipoteze joto, lakini msishushe maji yaliyohifadhiwa chini ya nyuzi 60, kwani bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu.

Msiniamini mimi tu, iulizeni mita yenu. Mita nyingi za kisasa zina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na kando yake imeandikwa ni mipepeso mingapi kwa uniti, mara nyingi 1000 au 1600. Zimeni kila kitu, muwashe heta peke yake, kisha mhesabu kwa dakika moja. Mkipata mipepeso 40 kwenye mita ya 1000, zidisheni kwa 60: ni 2,400 kwa saa, yaani heta inavuta wati 2,400. Rudieni kwa birika na pasi. Ningependa watoto ndio wahesabu. Wakishaona kitaa kinavyokimbia heta inapowashwa, hamtahitaji kuwakumbusha wafunge bomba wakati wa kujipaka sabuni.

Birika: chemsheni maji mnayoyahitaji tu. Pasi: pigeni nguo nyingi kwa mkupuo mmoja.

Friji haifai kupimwa kwa dakika, maana mashine yake huwaka na kuzima. Someni mita mkienda kulala na tena alfajiri kabla hamjagusa swichi yoyote. Kama heta ilikuwa imezimwa, sehemu kubwa ya tofauti hiyo itakuwa ya friji. Ndani nyuzi 4 zinatosha, na -18 kwenye sehemu ya kugandisha. Kisha baneni kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta, mkizunguka pande zote nne. Kikichomoka bila kukaza, mpira umechoka na joto linaingia usiku na mchana. Usafisheni kwa maji ya sabuni kwanza, maana mara nyingine ni uchafu tu. Ukishindikana, mwiteni fundi aubadilishe mpira huo kabla hamjawaza kununua friji nyingine.