Binti anataka kulala hosteli Mji Mkongwe, mama hataki kusikia

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nina miaka 23, naishi Morogoro, nimemaliza chuo na nimejibana nimepata kahela kidogo nataka niende Zanzibar siku nne, begi la mgongoni tu basi. Nimeona Mji Mkongwe kuna hosteli unalipia kitanda tu, chumba mnachangia watu sita au nane. Mama kaja juu, anasema hizo za wazungu na mtoto wa kike halali chumba kimoja na watu asiowajua. Alafu rafiki yangu nae anasema Mji Mkongwe ukizunguka nusu siku umeumaliza, bora tukalale Nungwi kule ufukweni siku zote. Nisaidie shangazi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza.

Mama yako usibishane nae, hofu yake ni ya mzazi na ina maana yake. Wewe tafuta hosteli yenye chumba cha wanawake watupu, zipo, na hilo ndo swali la kwanza kabla hata ya bei. Piga simu mama akiwa pembeni, weka spika, muulize mtu wa mapokezi chumba cha wanawake kipo? mlango usiku unafungwa saa ngapi na anabaki nani? loka zipo? Mama akisikia majibu mwenyewe atapoa, na kama yule wa mapokezi anababaika basi hiyo hosteli achana nayo, mama atakuwa amekuokoa.

Ila hili la "za wazungu" mimi linaniuma kidogo. Sisi tuliosoma bweni dabodeka tunazijua vizuri sana, tumelala chumba watu ishirini na sanduku la chuma chini ya kitanda, kwa hiyo ukiingia chumba cha watu sita usijione mgeni. Na bei uliza kwa shilingi, useme wewe Mtanzania, mana sehemu nyingi wanaanza kukutajia dola, na ukinyamaza utalipa dola.

Kufuli beba la kwako, loka nyingi zina tundu tu. Simu lala nayo, mimi niliwahi kuiacha inachaji sakafuni kwenye hosteli moja huko nilikosafiri, asubuhi nikakuta waya tu, na ndani ya ile simu kulikuwa na picha za marehemu baba yangu ambazo sikuwa nazo kwingine. Kitanda omba cha chini, cha ukutani.

Boti kutoka Dar ni kama masaa mawili. Tiketi kakate dirishani kwa wenye boti wenyewe na kitambulisho chako mkononi, sio kwa kijana anayekukimbilia na kukupokea begi. Kama unakuja miezi ya upepo wa kusi, Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka kweli kweli, usile ukavimbiwa. Ukishuka bandarini utakutana na mapapasi, hao wanaokwambia njoo nikupeleke hoteli nzuri dada, hosteli yako imefungwa. Haijafungwa. Sema asante napajua, tembea. Kutoka pale mpaka mitaa ya Malindi au Kiponda, humo humo Mji Mkongwe, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Sasa hilo la nusu siku. Mimi nimekulia Mkunazini, mtaa wa humo humo Mji Mkongwe, na bado kuna milango sijaimaliza kuiangalia! Mwambie rafiki yako huu mji hautaki haraka, na ndo mana nasema ulale ndani yake, usije asubuhi na kuondoka jioni. Amka ukisikia adhana ya alfajiri, toka kama saa kumi na mbili na nusu hivi, vichochoro vinakuwa vya wenyewe, watoto wanaenda chuoni na misahafu yao, wazee wapo barazani, kuna ubaridi wa mawe ambao mchana hauupati. Saa nne makundi ya watalii yakishaingia hiyo hali imeisha mpaka kesho.

Ukiwa chumbani kwako tazama juu. Dari la nyumba za zamani limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu sana, ndo mana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu, mti ndo uliompangia fundi upana wa chumba. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua, inaingiza maji na kuyatoa. Mtu akija akapiga plasta ya saruji juu yake maji yanabaki ndani, ukuta unaanza kuoza taratibu huku nje unaonekana mpya. Hizi nyumba zinahitaji mkono wa kila mwaka. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, pale Forodhani kwenye bustani ya ufukweni, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. UNESCO wameuweka mji kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini cheti hakishikilii ukuta.

Kanisa la Mkunazini nenda, na nenda peke yako bila haraka. Pale ndo palikuwa soko la watumwa mpaka Barghash alipokubali kulifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na madhabahu inaelezwa imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuchapia watu viboko. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamefungwa shingo kwa mnyororo. Wengi waliouzwa hapo walitoka bara, upande wa Nyasa huko na kwingine, wengine labda walipita njia za huko kwenu. Usipige selfi pale mwanangu, nakuomba.

Kupotea utapotea, usiogope, mji ni mdogo, nyoosha tu njia moja utatokea baharini au utatokea Darajani. Jina hilo Darajani ni kwasababu zamani mkono wa bahari ulipita hapo na daraja la kwenda Ng'ambo likiwepo, sa hizi wamefukia ni barabara. Mavazi funika mabega na magoti, kanga moja ya kujitanda inakutosha. Kile kijiwe kinaitwa Jaws Corner kuna kahawa chungu, utakuta wanaume watupu wanabishana siasa, we salimia, nunua kikombe chako, hakuna atakaekufukuza. Na Forodhani usiku elewana bei na muuzaji kabla hajaweka mshikaki motoni.

Siku tatu Mji Mkongwe, moja Nungwi. Ndo ushauri wangu.

SWALI: Shangazi mimi niko Mombasa, likizo yangu imeangukia Ramadhani na mimi si Muislamu. Nije na begi langu au nighairi?

JIBU: Njoo kaka, ila ujue mchana sehemu nyingi za kula zimefungwa na kula au kunywa hadharani, hata maji njiani, kunaweza kukuingiza matatani na polisi, kwa hiyo chagua hosteli yenye jiko na ule ndani. Magharibi ikikaribia kaa karibu na baraza za watu, usijifiche chumbani na simu. Ukikaribishwa futari, vua viatu, kaa, anza na tende.