Diski ipi ya kununua Mwanza? Nunua mbili, na moja isilale nyumbani kwako

Mkuu, umeuliza diski ipi ya nje ni imara kwa mtu aliye hapa Mwanza, ya TB 1 au 2, ya kuwekea picha za familia, video ya harusi ya wazazi na nyaraka za kiwanja, maana ile ya zamani imeanza kugonga na kompyuta inaikataa. Naona waliotangulia wameshagawanyika, huyu anatetea Seagate, yule WD. Mimi nina studio ya picha Kirumba, kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za watu, na nimeshaona familia zikilia kwa sababu ya jambo hili. Niruhusu nijibu kwa kirefu.

Tuanze na majina. Diski za sahani zinazozunguka, yaani HDD, siku hizi zinatengenezwa na kampuni tatu tu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Boksi likiwa na jina jingine, ndani mna mojawapo ya hizo. Ipo kampuni ya Marekani inaitwa Backblaze, inahifadhi data za wateja kwenye diski mamia ya maelfu, na tangu 2013 inakusanya takwimu za zinazokufa na kuziweka wazi. Ukizifuatilia utaona kwamba kwa mwaka hufa kama diski moja au mbili katika kila mia, na kwamba modeli za kampuni moja hupishana sana: moja inadumu, ndugu yake anakufa mapema. Tena hizo zinakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi na umeme usioyumba, hakuna anayezigusa. Yako itapanda daladala, itashikwa na watoto, itachomekwa kwenye TV ya jirani.

Ndiyo maana sikutajii jina. Fedha uliyotenga kwa diski moja ya bei, nunulia mbili za kawaida. Ikiwezekana ziwe za kampuni mbili tofauti, kwa sababu zilizotoka kiwandani pamoja zinaweza kuwa na kasoro ileile na zikafuatana kufa.

Wengine wamekushauri SSD. Kwa kufanyia kazi ni nzuri sana, haina kitu kinachozunguka na inavumilia kuanguka. Lakini wewe unataka kitu cha kukaa kabatini. SSD inatunza data kwa chaji ya umeme ndani ya chipu, na ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, hasa ikiwa imechakaa na iko sehemu ya joto, chaji hiyo huvuja. Halafu ukifuta kitu kwa bahati mbaya, mara nyingi fundi hana cha kukurudishia, maana Windows huiambia SSD isafishe nafasi hiyo kabisa. Kwa kabati, chukua HDD, na kila baada ya miezi michache ichomeke, fungua mafaili mawili matatu, uiache izunguke kidogo.

Sasa dukani. Hapa ndipo watu wengi wanaumia.

Flashi au kijidiski kidogo kilichoandikwa TB 2, bei yake ya kununulia samaki wa familia, usikiguse. Ndani kuna chipu ya GB chache tu iliyofundishwa kudanganya. Kompyuta itakuonyesha TB 2, utakopi picha zako zote, majina yataonekana na ukubwa wake utaonekana, lakini zile za mwanzo tu ndizo zitafunguka. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw: inaijaza flashi yote kwa data ya majaribio kisha inaisoma tena kuhakiki. Inachukua saa nyingi kwa kitu kikubwa, ila hakuna njia ya mkato hapo. Kwa upande mwingine, ukinunua TB 1 halali na Windows ikakuonyesha GB 931, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Tatizo la pili ni diski zilizotumika kuuzwa kama mpya. Jambo hili haliko soko letu la Makoroboi peke yake. Mwanzoni mwa 2025 huko Ulaya zilikamatwa diski za Seagate zilizofanya kazi maelfu ya masaa, zimefutwa kumbukumbu ya masaa hayo na kuuzwa kwa bei ya mpya. Ukifika na yako nyumbani, kabla ya kuweka hata picha moja, ifungue kwa CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Juu kulia itakuonyesha masaa ambayo diski imewashwa. Mpya inatakiwa iwe sifuri au karibu na hapo, ingawa sifuri peke yake si uthibitisho, maana kama zile za Ulaya, masaa yanaweza kufutwa. Kisha shuka kwenye orodha, tafuta mistari 05, C5 na C6. Hizo ni sekta, yaani vipande vya diski vinavyobeba data, zilizoharibika au zinazosubiri kutangazwa mbovu. Zote zinatakiwa ziwe sifuri. Baada ya hapo ifomati yote, uondoe tiki kwenye fomati ya haraka ili Windows ipite kila kona ya diski, uiache usiku kucha, asubuhi uisome tena mistari ile. Ikitoka sifuri zote, anza kuitumia. Namba ikipanda, irudishe dukani siku hiyohiyo ukiwa na risiti. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa sauti: ikifa ndani ya mwezi unafanyaje? Akijiumauma, nenda duka linalofuata.

Angalia pia tundu la waya, lile bapa pana linalotumika kwenye diski nyingi za nje. Likianza kulegea, diski inakatika katikati ya kukopi. Kwenye baadhi ya diski za WD tundu hilo limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, kwa hiyo fundi hawezi kuitoa akaichomeka kwenye kasha jingine. Usiining'inize kwa waya.

Kuhusu ile yako inayogonga: iache. Usiichomeke tena kujaribu. Mama mmoja, mwalimu, aliniletea ya kwake imefungwa kwenye kanga, ndani mna picha za mume wake aliyefariki. Nilipoichomeka taa iliwaka, sahani ikaanza kuzunguka, halafu tak, tak, tak, kimya, ikaanza upya. Ule mlio ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia na hakiipati. Kichwa hicho huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na kila ukiiwasha ikiwa katika hali hiyo kinaweza kuikwangua sahani yenyewe, yaani hapo ndipo picha zilipo. Niliichomoa palepale. Alikuwa ameshaambiwa na watu aiweke kwenye friji, na fundi mwingine alitaka kufungua kifuniko dukani, feni inazunguka na vumbi la barabarani linaingia. Usikubali hata moja kati ya hayo mawili. Kama kilichomo hakina nakala na unakihitaji kweli, tafuta wanaofanya uokoaji wa data kwenye chumba kisicho na vumbi, ujue gharama itazidi mbali bei ya diski. Kama una nakala, mshukuru Mungu na uitupe.

Mazingira ya huku kwetu nayo tuyaseme. Ukanda huu wa Ziwa una radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na usiku ndiyo zaidi. Ukiona wingu limejikusanya upande wa ziwani, chomoa. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Kama unatumia kompyuta ya mezani, UPS, yaani kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ni lazima kabla ya diski ya pili, maana umeme ukikatika wakati inaandika, orodha ya mafaili inaweza kuvurugika yote ilhali diski yenyewe ni nzima. Wa laptopu betri inakusaidia hapo. Ukiwa unatumia Windows pekee, ifomati kwa mfumo wa mafaili wa NTFS, unavumilia kukatishwa kuliko ule wa exFAT. Unyevu je? Weka diski kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu.

Na usiipeleke diski ya nakala stesheneri. Ukitaka kuchapa kitu, kipeleke kwenye flashi tupu. Kompyuta zile zinachomekwa flashi za mtaa mzima, na kirusi cha kugeuza mafolda kuwa shotikati bado kipo. Kirusi hicho kikikukuta, usifomati; mara nyingi mafaili yako yapo, yamefichwa tu.

Sasa jambo ninalolikazia kuliko yote. Diski mbili kwenye droo moja ni nakala moja. Kibaka akiingia anabeba begi la laptopu pamoja na vilivyomo, na moto hauchagui. Wanaofanya kazi hii hufuata kanuni ya nakala tatu: moja unayoitumia, moja pembeni, na moja mbali na nyumba. Mimi ya mbali iko kwa dada yangu Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, kwa hiyo kila nikienda kumsalimia napeleka diski iliyojazwa upya na kurudi na ile ya zamani. Wewe unaweza kuiacha kwa shemeji Igoma au kazini kwako. Ifunge kwa nywila, nyaraka za kiwanja si za kila jicho, na nywila hiyo aijue mtu mmoja unayemwamini, ili ukipatwa na jambo familia isibaki nje.

Mtandaoni, Google inakupa GB 15 za bure. Kwa bando letu usijaribu kupandisha video za harusi, lakini hati ya kiwanja, vyeti na picha mia moja unazozipenda zinaingia bila shida. Ila jua kwamba ukifuta picha kwenye simu iliyounganishwa na Google Photos, inaweza kufutika na kule pia. Kwa hiyo isiwe nakala yako ya pekee.

Mwisho, nakala ukishaijaza ijaribu: chagua folda moja, irudishe kutoka kwenye nakala kwenda kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ufungue picha moja moja na video hadi dakika ya mwisho. Ukishanunua hizo mbili, weka hapa picha ya CrystalDiskInfo ya kila moja, funika namba ya diski, nitakusomea mistari hiyo mitatu.